Mwanamke wa Sandukuni

Mize, binti mkubwa wa Zuwena, alinipigia simu asubuhi, sijamaliza hata kikombe changu cha chai. "Bi Raya," akasema, "Mama katutoka." Nikamwambia ateleke maji na asimruhusu mtu kumgusa mama yake mpaka nifike. Ndivyo nilivyo mimi, huanza kutoa amri kabla ya kulia, na kulia hunijia baadaye nikiwa peke yangu jikoni. Nilipofika kwao Kiembe Samaki nikamkuta rafiki yangu amelazwa kwenye chumba cha ndani, pazia zimeshushwa, udi unafuka, na wanawake wawili vijana wa mtaani wamekaa wakinisubiri kwa sababu wamesikia kwamba miye ndiye niliyeosha nusu ya mji. Mize akanivuta pembeni. "Bi Raya, kuna jambo. Mama ameusia azikwe Bububu, kwenye kiunga, lile shamba la marehemu shangazi yako Bi Kazija, ubavuni kwa lile kaburi lisilo jina. Wajomba wamenuna. Wanasema kwao Mangapwani kuna makaburi ya wazee wao, vipi akalale na mtu asiyejulikana? Wanataka kuuvunja wasia. Ni kaburi la nani lile?" Nikamwambia tumwoshe mama yake kwanza, halafu nitamwambia. Alinitazama kama anayetaka kubisha, akaona uso wangu, akaenda kuepua maji. Zaidi ya miaka hamsini nilikuwa sijamwambia mtu, na Zuwena pia hakumwambia mtu, tulikuwa tumeahidiana. Lakini mwenzangu kwa wasia ule alikwisha kuivunja ahadi, na kaniachia mimi maelezo. Kama kawaida yake.

Ulikuwa mwaka wa sabini. Tulikuwa wasichana wawili, mimi wa miaka kumi na minane, yeye kumi na tisa, tukisoma kwenye chuo kidogo cha wauguzi ambacho sasa hakipo tena. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba ya kale ya mjini, nyumba ya kuta nene ambazo ukiegemea unatoka na chokaa mgongoni, na ngazi zake za mbao zilikuwa zikilia kila hatua, hata mtu akichelewa hana pa kujificha. Katikati ya darasa palikuwa na meza ndefu, na juu ya meza sanduku la mbao lenye bawaba za shaba. Siku ya kwanza sote tulidhani ni la vyombo vya kupasulia. Mwalimu Krispini akalifungua, na kabla hajatia mkono ndani akavua kofia yake. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo, Mkristo wa hapa hapa mjini, wazee wake walitoka bara, na alikuwa dresa, mfunga vidonda hospitali, miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu. Akatoa mfupa wa paja, akaulaza juu ya viganja vyake viwili kama mtu anayepokezwa mtoto. "Huyu alikuwa mtu," akasema. "Anayetaka kucheka, acheke sasa amalize." Hakucheka mtu. Msichana mmoja nyuma yangu alikuwa akisoma Kulhuwallahu kwa sauti ya chini.

Mifupa ile ilikuwa imepakwa rangi. Kila palipokuwa na nundu, au ukingo, au mparuzo, palitiwa doa jekundu au la buluu. Jekundu, akatwambia Mwalimu, ni pale msuli unapoanzia, na buluu ni pale unapomalizikia. Mimi siku zote nilidhani mfupa ni kijiti tu, kitu cha kutundikia nyama. Mwalimu akatuamrisha tuweke kidole nyuma ya sikio. "Kuna nini?" "Nundu, Mwalimu." "Mtoto mchanga hana nundu hiyo. Anazaliwa hapo pako bapa. Siku anapoanza kujaribu kunyanyua kichwa, msuli wa shingo unaushika mfupa hapo na kuuvuta. Unavuta leo, unavuta kesho, na mfupa unaitika. Unajitokeza kidogo kidogo ili msuli upate pa kushika vizuri. Hakuna nundu ya bure mwilini mwenu. Kila moja iliitwa ikaja." Nakwambieni, nilikaa na kidole nyuma ya sikio mpaka somo likaisha. Tulipotoka nikaenda moja kwa moja kwa jirani yetu aliyekuwa amejifungua, nikamsalimu, nikaomba kumshika mtoto, nikampapasa nyuma ya sikio. Pako bapa! Laini kama tui! Nikapiga ukelele, na mama mtu akaninyang'anya mwanawe. "Unamtafuta nini mwanangu, we Raya?" Tangu siku ile hakunipa tena, na mtoto alivalishwa hirizi.

Tulikaa kwa shangazi yangu, Bi Kazija, Kiponda. Zuwena alitoka Mangapwani na hakuwa na ndugu mjini, kwa hiyo shangazi alimpa kitanda karibu na changu akamfanya mwanawe. Bi Kazija alikuwa na kazi mbili ambazo mji mzima ulimjua kwazo. Alikuwa mkandaji, akikanda wazazi baada ya kujifungua na wazee waliokazana viungo, na alikuwa mwosha maiti wa kike. "Nawapokea wakija na nawasindikiza wakenda," alikuwa akisema, "hapo katikati shauri yao." Mikono yake ilikuwa mipana na ya moto wakati wote. Chakula tulikula ukumbini juu ya mkeka, na mwaka ule mchele ulikuwa wa foleni, basi siku nyingi ilikuwa muhogo wa nazi na vipande viwili vya papa mkavu vya kutia harufu. Pale kwenye sinia ndipo tulipomsimulia tuliyosoma. Mwanzoni alitusikiliza kwa dharau. Halafu siku moja Zuwena alisema kwamba misuli ya kiuno inashika kwenye nundu kubwa ya mfupa wa paja, ile inayosikika pembeni ya nyonga, na kwamba hiyo ndiyo inayomzuia mtu asianguke upande anaposimama kwa mguu mmoja. Shangazi akaweka tonge chini. "Hapa?" akauliza, akajigusa juu ya kanga, pale pale hasa. "Miye hapa ndipo ninapoanzia kila mzazi. Miaka thelathini. Sikujua kwa nini, najua tu hapa pakilegea mwili wote unalegea." Akawa anajibonyeza huku akitikisa kichwa, na muhogo ukapoa.

Nadhani ni siku ile ile, au wiki ile, shangazi alipouliza swali lililotuingiza matatani. Mwalimu alikuwa ametuonesha mifupa ya nyonga, upana wake na uwazi wake, akasema huyu wetu alikuwa mwanamke. Kisha Zuwena, aliyekuwa na jicho la kuona uzi kwenye mchanga, akageuza mfupa wa muundi akaona upande wa mbele, chini karibu na kifundo, pana kialama kidogo kilichosuguliwa. Mwalimu alifurahi mpaka akakaa. "Hicho huwapata watu wanaochutama," akasema. "Wanaochutama kupika, kufua, kupumzika. Mtu aliyekaa kwenye kiti tangu utotoni aghalabu hana." Akaleta mfupa wa juu wa mkono wa kulia, akatuonesha ubavuni pale msuli wa bega unapomalizikia. Kinundu chake kilikuwa kikubwa, cha kuparuza, kuliko cha kushoto. "Alibeba. Alinyanyua. Au alitwanga. Kazi gani sijui, lakini mkono huu ulifanya kazi." Mwanamke huyo alikuja na meli ndani ya sanduku lile, kutoka nchi gani Mwalimu hakujua, jina lake halikuandikwa popote. Sote tukatazama mikono yetu wenyewe. Nilimwona Zuwena ameshika bega lake la kulia, machozi yanamlenga, na mimi nilihisi kama kuna mtu ameingia darasani akakaa pamoja nasi.

Tukamsimulia Bi Kazija tukidhani atastaajabu kama sisi. Alistaajabu, lakini kwa jambo jingine. "Mwanamke?" "Naam, Shangazi." "Na darasani mna wanaume?" "Wamo, Shangazi, watano." "Ehee. Na yeye yumo sandukuni, uchi, wanamshika viungo vyake, na hana hata kitambaa? Tangu lini?" Hatukujua. "Hajaoshwa? Hajazikwa?" Zuwena akasema kwa sauti ndogo kwamba ni mali ya chuo. "Mtu mali ya chuo!" Bi Kazija akanyanyuka akaondoka sinia ikiwa haijamalizwa, jambo ambalo mwaka ule wa foleni hakuna aliyelifanya. Tulimsikia jikoni akijisemea. Aliporudi alikuwa ametulia kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mmefaidika naye?" akatuuliza. "Sana, Bi Kazija," Zuwena akajibu. "Basi mnamwacha hivyo hivyo?" Nikamuuliza, na kama dini yake si yetu? "Dini yake anaijua aliyemuumba. Miye najua ni mwanamke na hajafunikwa."

Mtu wa kwingine angesema hapana, hiki ni kifaa cha kusomea, na mambo yakaisha. Sisi tulilala na swali lile siku tatu, halafu hatukuweza tena kulifungua sanduku bila kuona haya. Zuwena ndiye aliyekuwa na ufunguo wa darasa, kwa sababu alikuwa zamu ya kufagia. Siku ya Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini, Mwalimu kaenda kwake kula, na nyumba iko kimya, tukapanda zile ngazi za kulia, tukamtoa mwanamke wetu kipande kipande na kumtia kwenye mapakacha mawili, tukafunika na kanga. Kwa haraka nilimwangushia Zuwena mfupa wa kisigino juu ya mguu wake, na yeye, badala ya kuguna, akamwomba radhi mwenye kisigino. Bi Kazija alituoshea nyumbani ua ulipokuwa mtupu. Maji ya uvuguvugu, majani ya mkunazi, karafuu maiti, kila kitu kama kwa mtu aliyekufa jana. Rangi nyekundu na ya buluu ikatoka yote, ikaingia kwenye maji. Bafta ya sanda haikupatikana mjini kwa siku zile, ilikuwa ya kupangiwa. Zuwena akaingia ndani akatoka na kitambaa cheupe alichopewa na chuo kushonea aproni zake za mwaka, akakikunjua. Mwaka mzima baada ya hapo alivaa aproni moja, akiifua kila jioni na kuivaa asubuhi ina unyevu, na kila alipoulizwa alisema nyingine zimeliwa na panya.

Bi Kazija alitaka kuikusanya mifupa ndani ya sanda kama fungu. Zuwena akakataa. "Hapana, Bi Kazija. Alale kama mtu." Basi tukakaa chini sakafuni, mimi na yeye, tukampanga. Mifupa mia mbili na sita. Tulianza na fuvu, tukashuka uti wa mgongo, kila pingili na mwenzake, mbavu kumi na mbili huku na kumi na mbili kule. Tukagombana juu ya vile vijifupa vya kiganja kama mabinti wanaogombea kishikizo, huyu anasema cha kulia, huyu anasema cha kushoto, tukitafuta kinundu, tukitafuta shimo, tukibonyeza viganja vyetu wenyewe kupata jibu. Shangazi alitutazama kwa muda mrefu. Mwili mzima wa mwanamke ulipotokea juu ya kile kitambaa cha aproni, amelala ubavu wa kulia, mkono wake wenye kazi uko chini yake, Bi Kazija alishika kinywa. "Subhanallah," akasema. "Mmemrudisha." Sijawahi kuona kitu kizuri zaidi ya kile, na nimeona watoto wakizaliwa.

Ilibidi tumfunge tena kwa vifurushi, kila kiungo kifurushi chake kwa utaratibu, ili tumpange upya huko tuendako. Kondakta wa gari la Bububu alitaka kuyatupa mapakacha juu ya paa. "Vyombo vya mwali hivyo, tena vya udongo!" Bi Kazija akamkemea. "Ukivivunja utavilipia kwa meno." Akatuwekea miguuni kwetu. Kwenye kiunga cha shangazi alikuwapo Mzee Haji, Mtumbatu aliyeacha uvuvi akawa mtunza kiunga, na alichimba bila kuuliza mengi. Aliposhuka kaburini kupokea akashangaa. "Mbona mwepesi hivi?" "Alifariki zamani," akasema Bi Kazija. Zuwena akamwelekeza kutoka juu, kifurushi hiki hapa, hiki pale, mpaka mwili ukakaa sawa na uso ukaelekea kibla. Bi Kazija akaomba dua ndefu. Tukarudi mjini tukala muhogo kwa hamu kubwa.

Jumatatu Mwalimu Krispini akavua kofia, akafungua sanduku. Nilikuwa nikimtazama. Alitazama ndani, akatia mkono akapapasa mbao, kama mtu asiyeamini macho yake, kisha akafunga akatufundisha dawa za vidonda mpaka kengele ikalia. Mchana habari zikamfikia mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kupiga meza. Tulimsikia kupitia sakafu, maana ofisi yake ilikuwa chini yetu na mbao za nyumba ile hazikuficha siri. "Mali ya serikali, Krispini! Nani ana ufunguo? Wewe ndiye mwenye dhamana! Mtahini anakuja baada ya wiki mbili, nitamwekea nini mezani? Mifupa irudi kabla ya mtihani, isiporudi, utakwenda kujieleza kwa wakubwa, na miye simo." Miaka ile kwenda kujieleza kwa wakubwa halikuwa neno la kuchezea. Mwalimu alikuwa na mke na watoto wanne. Hakututaja, ingawa alijua vizuri ufunguo ulikuwa kwa nani. Zuwena alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

Tulimwambia jioni ile, nyumbani kwake, sebuleni, mkewe ametuletea chai ya mkandaa, isiyo maziwa, ambayo hatukuinywa. Zuwena alisema yote, mimi nikilia kama ng'ombe. Mwalimu alisikiliza akiwa ameegemeza kichwa ukutani. Nikamaliza kwa kusema kwamba tuko tayari kumfukua, ingawa nilijua Bi Kazija angetulaani na ingawa roho yangu ilinikatika nikitamka neno lile. Akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Mlimlaza vipi?" "Ubavu wa kulia, Mwalimu," Zuwena akasema. "Kama fungu, au kwa mpangilio?" "Kwa mpangilio. Yote." Mwalimu akageuka. "Yote? Na viganja?" "Na viganja, na nyayo." "Na ile pia ya goti la kushoto mliijuaje kuwa ya kushoto?" Zuwena akaonesha kwa kiganja. "Mwalimu, ukiilaza juu ya meza ncha ikaelekea mbele yako, inainamia upande wake yenyewe. Upande wa nje ni mpana zaidi." "Na ubavu wa kwanza?" "Ni mfupi, bapa, na una kinundu cha msuli wa shingo juu yake." Akaendelea kumuuliza, kisha akaniuliza mimi, na mimi nikaacha kulia kwa sababu nilikuwa najua. Nilikuwa nakijua kila kitu! Chai ilipoa vikombeni. Mwishoni Mwalimu Krispini akacheka, huku machozi yanamtoka, mkewe akachungulia akidhani tumeleta msiba. "Hatumfukui," akasema. "Mimi nilikuwa navua kofia miaka yote hii nikidhani inatosha."

Zilibaki siku kumi na mbili. Bila mifupa, mtahini angeliuliza na darasa lingeshindwa, na lingeshindwa mbele ya mkuu wa chuo ambaye alikwisha kumpata wa kumtupia lawama. Ni Bi Kazija aliyetupa njia, ingawa yeye alidhani anatukejeli tu. "Mifupa si mnayo," akasema, "mmeikalia hapo." Akalala kifudifudi juu ya mkeka wake, akaamuru wasichana wote sita wa darasa waje nyumbani, akasema haya, nitafuteni. Wavulana walitafutana wao kwa wao, nyumbani kwa Mwalimu. Kwetu tulitumia hina nyekundu na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo. Hina pale msuli unapoanzia, piko pale unapomalizikia, badala ya ile nyekundu na buluu tuliyoiosha. Zuwena alijitolea yeye awe ubao. Tulimchora mkono mzima kutoka kombe la bega hadi kiwiko, tukamchora mguu kutoka nyonga mpaka kisigino, na kwa kuwa tulikuwa wasichana wa mjini tulitia na maua kidogo kwenye kifundo. Usimwone vile, alikuwa anasisimkwa vibaya, kila tukimgusa chini ya goti anarusha teke. Nilipomaliza nikamwambia apinde kiwiko polepole, nikaona msuli unatembea chini ya ngozi kutoka kwenye hina kwenda kwenye piko, ukikaza kwenye nanga zake mbili, na kiungo kinageuka katikati bila kelele yoyote. Nikamwambia arudie. Akarudia mara ishirini. Wasichana watano tumeinama juu ya mkono wa mwenzetu hatupumui. Kumbe kila siku tunabeba ndoo, tunasuka ukili, tunapigana makofi, na hatujawahi kushuhudia hata mara moja.

Lakini Bi Kazija hakuridhika. "Mnasoma kwa macho," akasema, "na mgonjwa hatakuja kwenu na hina." Akamfunika Zuwena kanga mbili na kututaka tutafute kwa vidole juu ya nguo, kama anavyofanya yeye kwa wazazi wenye haya. Siku ya kwanza nilipoteza nundu ya nyonga nikaishia kwenye fundo la kanga, na shangazi alinipiga kikofi cha mkono. Siku ya tano nilikuwa nikiweka kiganja tu, nundu inakuja yenyewe.

Mtahini alikuwa daktari mgeni, mwanamke mrefu wa nywele za mvi, amekuja na mkalimani. Alipopanda zile ngazi tulimsikia hatua moja nzito, moja nyepesi, nzito, nyepesi, na alipoingia tukaona anachechemea, mwili unamwinamia upande kila akikanyaga mguu wa kushoto. Mkuu wa chuo alikuwa nyuma yake ametota jasho. Daktari akalitazama sanduku tupu. "Mifupa iko wapi?" akauliza mkalimani. Mkuu akamtazama Mwalimu, macho yake yakisema haya, jieleze. Mwalimu Krispini akavua kofia. "Imo ndani ya hawa," akasema. Wavulana wakatolewa, pazia likavutwa, Zuwena akakaa juu ya meza na mkono wake wa hina. Yule daktari aliinama akatazama, akafuata mstari kwa kidole bila kugusa, akasema maneno kwa lugha yake ambayo mkalimani hakuyatafsiri. Kisha akaniteua mimi, akachukua kanga iliyokuwa kitini akamfunika Zuwena gubigubi, na kunionesha kwa mkono: tafuta. Nikamwombea dua shangazi yangu kimoyomoyo. Nikatafuta, nikataja, nikaeleza kila mahali panashika nini na panakizuia kiungo gani kisitoke. Hakuonesha kama nimepata au nimekosa.

Halafu akafanya jambo ambalo hata Mwalimu, alipoambiwa, hakuliamini. Akasimama mbele yangu, akaushika mkono wangu akauweka juu ya sketi yake, kwenye nyonga. "Hapa kuna nini?" Nikaganda. Mkuu wa wakubwa wote, na mimi kitoto cha Kiponda nimemshika nyonga! Lakini vidole havikuwa na adabu, vilikwisha kuanza kutafuta. Nundu ya kulia niliipata mahali pake. Ya kushoto haikuwapo. Nikapanda juu, nikapanda tena, nikaikuta imekaa huko karibu na kiuno, na hapo nikaelewa zile hatua kwenye ngazi. "Daktari," nikasema, na sauti yangu ilinitoka kama ya mtu mwingine, "kichwa cha mfupa huu hakimo kwenye shimo lake. Nundu imepanda juu, imesogea karibu na pale misuli inapoanzia, basi misuli imelegea, haina tena pa kuvutia. Ndiyo maana nyonga inaanguka upande wa pili ukikanyaga." Mkalimani akaona haya kutafsiri, Mwalimu, kutoka nyuma ya pazia, akamwambia kwa ukali atafsiri. "Tangu nilipozaliwa," akasema yule mama. "Walitambua nikiwa na miaka minne, wamechelewa. Laiti angelinishika mtu mwenye mkono huu." Akanibusu kipaji cha uso. Zuwena chini ya kanga alikuwa akilia, kanga nzima inatikisika.

Tulifaulu darasa zima. Mkuu wa chuo akapewa sifa mbele ya wageni kwa njia mpya ya ufundishaji, akazipokea, na habari za mifupa hakuzitaja tena mpaka alipohamishwa. Mwalimu Krispini alifundisha pale miaka kumi mingine, kila mwaka kwa hina na piko, na sanduku wakatia chaki. Mimi nikawa mkunga, na baada ya shangazi kufa nikarithi na kazi yake ya pili. Kila mtoto niliyempokea nilimpima nyonga kabla sijampa mamake. Zuwena alikwenda kwenye wodi ya waliovunjika na kupooza, akakaa miaka arobaini, akiwanyanyua watu wazima kutoka kitandani kwa mkono ule ule wa hina na kuwafundisha kutembea upya.

Basi jana tulimwosha. Nilimtia mkono chini ya kichwa kumgeuza, kidole changu kikakaa nyuma ya sikio lake, juu ya ile nundu, na nikasita. Nikashuka kwenye bega, nikashuka mkononi, ubavuni pale tulipotia piko. Wale vijana walikuwa wameshika kata za maji wananingoja. "Bi Raya, kuna nini?" Mize akauliza. "Nnasoma," nikamwambia, na kulia kukanijia pale pale mbele ya watu, sikufika nako jikoni. Nikauchukua mkono wa Mize nikauweka juu ya mkono wa kulia wa mama yake. "Bonyeza hapa. Umepata?" "Nimepata. Kama kifundo." "Sasa shika wa kushoto." Akashika, akanitazama, akarudi kwenye wa kulia. "Hicho kimeitwa na watu aliowanyanyua," nikasema. "Na yule wa Bububu alikuwa nacho, mkono huo huo. Jina lake hatukulijua. Mama yako alimpa sanda yake." Nikamsimulia yote hapo hapo tukimwosha, kutoka sandukuni mpaka kwenye kanga, naye hakuuondoa mkono wake. Nilipomaliza akajifuta uso kwa bega, akatoka mlangoni kwa wajomba zake. Nilimsikia akiwaambia kwa sauti ya mama yake hasa, kaburi likachimbwe Bububu, upande wa kulia wa yule mwanamke.